Mtoto asiye na sweta: atomu moja ya oksijeni inavyosomesha DNA na kukwamisha VVU

Kama unakaa karibu na shule ya chekechea lazima umeshawaona, mchana wanavuka barabara kwa mstari mmoja, kila mtoto kashika pindo la sweta la mwenzake aliye mbele, na mwalimu yuko kule nyuma anaongeza mmoja mmoja mpaka mstari unakuwa mrefu kama treni. Sasa chukulia leo kaja mtoto mmoja tumbo wazi, sweta kaliacha nyumbani. Mikono anayo, kwa hiyo yeye anamshika wa mbele yake vizuri tu na mstari unampokea bila maneno. Shida ni huyu anayekuja nyuma yake, atashika nini? Hamna pa kushika. Mstari umeishia hapo hapo.

Ukishaelewa huyo mtoto asiye na sweta, umeelewa jinsi DNA ilivyosomwa kwa mara ya kwanza kwa njia ya maana, umeelewa mashine kubwa za siku hizi za kusoma jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, na umeelewa pia sehemu kubwa ya kile kidonge cha ARV ambacho mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki wanakimeza kila siku. Siongezi chumvi, ni ujanja ule ule.

Tuanze na sweta lenyewe. DNA inaungwa kwa vipande vinavyoitwa nyukliotidi, na kila kipande kina vitu vitatu: herufi yake (A, T, G au C), sukari, na fosfeti. Ile sukari ina kaboni tano ambazo wanakemia wamezipa namba. Kwenye kaboni namba 5 inakaa fosfeti, hiyo ndo mikono. Kwenye kaboni namba 3 kuna oksijeni imeshikana na haidrojeni, OH, na hilo ndo sweta. Nyukliotidi mpya inakuja na fosfeti tatu, oksijeni ya yule wa mwisho kwenye mstari inaivamia fosfeti ya kwanza, mbili zinadondoka, moja inabaki kama kiungo, basi, mstari umeongezeka kwa herufi moja. (Kikemia kumbe sweta ndo linalomshika mtoto, lakini tuachane na hilo tusije tukaharibu mfano.) Mwalimu wa shughuli yote ni enzaimu inaitwa DNA polimerezi, ana orodha yake mkononi, yaani uzi wa zamani wa DNA, anaangalia orodha inasema nani afuate, anachukua mwenye herufi inayolingana, anamweka.

Jina la DNA lenyewe lina habari hii ndani yake, sema watu hawaitilii maanani. Sukari ya RNA ina OH mbili, moja kwenye kaboni namba 2 na nyingine namba 3. Sukari ya DNA imekosa ile ya namba 2, ndo maana inaitwa deoksi, iliyopungukiwa oksijeni. Sasa ukiinyofoa na ile ya namba 3 ukaacha haidrojeni peke yake, unapata dideoksi, iliyopungukiwa mara mbili. Tofauti ni atomu moja tu ya oksijeni. Herufi ni ile ile, fosfeti zipo zote tatu, umbo karibu lile lile, na mwalimu akiangalia juu juu hajui kama huyu mtoto hana sweta.

Hiyo kitu ilijulikana mapema. Mwaka 1969 maabara ya Arthur Kornberg kule Marekani walionyesha kwamba ukimpa polimerezi T ya dideoksi anaiunga kwenye mnyororo halafu anakwama. Kwa wengi hiyo ilikuwa habari ya sumu ya enzaimu, kitu cha kuharibu kazi. Aliyekuja kugeuza uharibifu kuwa chombo ni Frederick Sanger, Mwingereza wa Cambridge, mtu ambaye tayari alikuwa na Nobel ya 1958 ya kusoma mpangilio wa insulini. Mwaka 1977 yeye na wenzake Nicklen na Coulson wakatoa mbinu yao, na mwaka 1980 akapewa Nobel ya pili ya kemia, akigawana na Walter Gilbert na Paul Berg.

Sasa mbinu yenyewe, twende taratibu maana hapa ndo wengi wanapotea.

Chukua DNA unayotaka kuisoma. Weka polimerezi, weka nyukliotidi za kawaida za kutosha, weka praima, yaani kipande kifupi cha kuanzia, tuseme kina herufi 20. Gawa kwenye vijichupa vinne. Kichupa cha kwanza ongeza kidogo A ya dideoksi, cha pili T, cha tatu G, cha nne C. Neno la muhimu hapo ni kidogo. Kwenye kichupa cha A kuna nakala mabilioni za DNA zinanakiliwa kwa wakati mmoja, na kila mwalimu akifika mahali orodha inataka A, mara nyingi anaokota A yenye sweta na kuendelea, lakini mara moja moja anaokota ile isiyo na sweta na uzi ule unaishia hapo. Mwisho wa siku kichupa hicho kina nyuzi za urefu tofauti tofauti ila zote zinaishia kwenye A.

Tuchukue mfano wa kweli, herufi tisa kutoka kwenye jeni moja ya VVU, tutazihitaji baadaye: TACATGGAT. Praima ni 20, kwa hiyo herufi ya kwanza ni ya 21. Kichupa cha T kitakupa nyuzi za urefu wa 21, 25 na 29. Cha A kitatoa 22, 24 na 28. Cha C ni 23 peke yake. Cha G ni 26 na 27. Sasa zipitishe zote kwenye jeli nyembamba yenye umeme, upande kwa upande, nyuzi fupi zinakimbia mbele na ndefu zinabaki nyuma, na jeli nzuri inatenganisha nyuzi zinazopishana herufi moja tu. Unaanza kusoma kuanzia iliyokimbia zaidi: 21 iko njia ya T, 22 njia ya A, 23 njia ya C, 24 A, 25 T, 26 G, 27 G, 28 A, 29 T. Umesoma DNA bila kuiona DNA! Umepima urefu tu. Enzi zile nyuzi ziliwekwa fosforasi yenye mionzi, jeli inakaushwa, inalazwa juu ya filamu ya eksrei, na mtu anakaa na rula anasoma mistari kwa macho.

Kwenye hilo neno kidogo ndo kuna utamu na ndo kuna maumivu. Ukizidisha vikomeshaji, yaani hizo dideoksi, kila uzi unakufa mwanzoni na hujui kinachoendelea mbele. Ukipunguza sana, nyuzi zinapita hadi mwisho na hupati kitu katikati. Mimi matokeo yangu ya kwanza kabisa ya Sanger yalikuja aibu tupu, sampuli zilipelekwa nje ya nchi, nimesubiri wiki tatu, nafungua faili, ambapo siku hizi kila herufi inachorwa kama kilima kwenye grafu, nakuta milima mikubwa mikubwa mwanzoni halafu baada ya herufi mia mbili hivi ni mawimbi ya bahari. Kumbe nilijaza DNA nyingi nikidhani nafanya hisani, ikawa watoto wasio na sweta wameishia wote kwenye mistari mifupi, mbele hakuna aliyebaki. Kosa langu mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Katikati ya miaka ya 1980 ikaja rangi zinazong'aa badala ya mionzi, halafu rangi ikabandikwa kwenye kikomeshaji chenyewe (kwenye herufi, sio kwenye sukari), kila herufi na rangi yake, kwa hiyo vichupa vinne vikawa kimoja, jeli ikawa mrija mwembamba kama unywele, leza inamulika mwisho wa mrija na kompyuta inaandika rangi zinavyopita. Mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, ulioanza 1990 na kutangazwa umekamilika 2003, msingi wake ulikuwa hiyo hiyo Sanger.

Lakini kuna jambo moja la 1995 ambalo watu wengi wanaliruka na kwangu ndo tamu kuliko yote. Polimerezi za kawaida za maabara, mfano ile Taq ya kwenye PCR (mbinu ya kuzidisha DNA), sio wajinga, zinabagua. Zikikutana na dideoksi zinaikataa mara maelfu ukilinganisha na ya kawaida, kwa hiyo ilibidi uzimwage nyingi na matokeo yanatoka kilima hiki kirefu kile kifupi. Stanley Tabor na Charles Richardson wa Harvard wakaangalia polimerezi ya kirusi kinachoitwa T7, ambayo yenyewe inazipokea dideoksi bila ubaguzi, wakajiuliza tofauti iko wapi. Wakakuta iko kwenye asidi amino moja tu kati ya mamia, yaani kipande kimoja cha mnyororo unaounda enzaimu. Taq pale namba 667 ina fenilalanini, T7 mahali panapolingana na pale ina tairosini. Na tairosini ni nini? Ni fenilalanini iliyoongezewa OH. Yaani mtoto hana sweta, ila mwalimu mwenyewe kavaa sweta mahali pale pale, pengo limejazwa, hakuna anayeshtuka. Walipobadilisha hiyo moja kwenye Taq, kiwango cha kupokea dideoksi kikapanda kwa mamia hadi maelfu ya mara. Shika hiyo tairosini, itarudi na safari hii italeta balaa.

Kabla ya balaa, niseme kidogo kuhusu mashine za kisasa. Sanger inasoma uzi mmoja kwa wakati, herufi kama 700 hadi 900, vizuri sana ila polepole. Miaka ya mwisho ya 1990 Shankar Balasubramanian na David Klenerman, hapo hapo Cambridge, wakaja na wazo lililozaa kampuni ya Solexa, ambayo Illumina waliinunua 2007. Je, mtoto asingekuja bila sweta, akaja na sweta ila limefunikwa koti la mvua? Mstari unasimama kila mahali kwa wakati mmoja, unapiga picha uone nani kaongezwa wapi, halafu unawavua makoti wote, sweta zinaonekana, mwalimu anaongeza mwingine mwenye koti, picha tena. Hicho kikomeshaji kinachovuliwa kimefunikwa kwenye ile ile OH ya namba 3 kwa kikundi kidogo chenye nitrojeni tatu mfululizo, kinaitwa azidomethili, na kuna kemikali ya fosfini inayokitoa bila kuharibu DNA. Fanya hivyo kwa mamilioni ya nukta kwenye kioo kimoja na una jenomu nzima. Na kuna kautani ka historia hapo: jenomu kamili ya DNA iliyosomwa na kundi la Sanger mwaka 1977 ni ya kirusi cha bakteria, phiX174, chenye herufi 5,386, na Solexa nao walipoanza wakasoma hicho hicho mwaka 2005, na mpaka leo wanaotumia mashine za Illumina wanachanganya phiX kidogo kwenye sampuli kama kipimo cha kuangalia mashine iko sawa. Zile mashine ndogo za nanopoa, zinazosoma uzi wa DNA ukipita kwenye tundu dogo, zenyewe hazina habari na haya, hazikomeshi chochote.

Haya, turudi kwenye vidonge.

VVU wanabeba RNA, na ili wajichomeke kwenye seli yako lazima wainakili iwe DNA. Wanakuja na mwalimu wao wenyewe, rivasi transkriptezi, na huyo mwalimu ni mzembe, haangalii nyuma kufuta makosa kama wanavyofanya polimerezi zetu nyingi. Mzembe ndo anayedanganyika kirahisi. Kuna dawa inaitwa AZT, zidovudini, ilitengenezwa 1964 na Jerome Horwitz kwa ajili ya saratani, haikufaa, ikawekwa kabatini. Mwaka 1985 wakaijaribu kwenye VVU na ikafanya kazi, Machi 1987 ikaruhusiwa Marekani. Ni herufi T ambayo pale kwenye kaboni namba 3 badala ya OH ina azido, nitrojeni tatu mfululizo. Ndio, jamaa ni ndugu wa karibu wa lile koti la Illumina, tofauti ni kwamba hili halivuliki, mtoto kashonewa.

Halafu zikaja dawa nyingine mbili za VVU, ddI mwaka 1991 na ddC mwaka 1992. Soma hilo jina la pili tena. ddC ni dideoksi C, ile ile ya kwenye kichupa cha nne cha Sanger! Tofauti ni kwamba kidonge hakina fosfeti, kwa sababu fosfeti zina chaji hasi na utando wa seli hauzipitishi, ungemeza zenye fosfeti tatu zingeishia mlangoni. Kwa hiyo unameza mtoto asiye na mikono, akishaingia ndani seli yako mwenyewe inampachika fosfeti moja, mbili, tatu, ndo anakuwa tayari kuingia kwenye mstari.

Sasa balaa. Ndani ya seli zetu kuna mitokondria, vile viwanda vya nishati, na vina DNA yao na polimerezi yao peke yake, inaitwa gama. Polimerezi zetu zinazonakili DNA ya kwenye kiini zinabagua dideoksi vizuri. Gama haibagui, na ukiangalia mahali pale pale panapolingana na 667 ya Taq, kwa gama ni namba 951, unakuta nini? Tairosini. Kile ambacho Tabor na Richardson walikipachika makusudi ili enzaimu idanganyike, mitokondria zetu zimezaliwa nacho. Kwa hiyo dawa inakwamisha kirusi na huku inakwamisha unakilishaji wa DNA ya mitokondria, taratibu, miezi na miezi, na seli zinazokula nishati nyingi au zenye nyuzi ndefu kama mishipa ya fahamu ya miguuni zinaanza kulia.

Watu wa huku kwetu wanaikumbuka hiyo hata kama hawajui kemia yake. Miaka ya 2000 dawa ziliposambaa kwenye kliniki, vidonge vingi vya mchanganyiko vilikuwa na stavudini, d4T, nayo ni T isiyo na OH namba 3. Ilikuwa rahisi, iliokoa watu wengi sana, hilo lisemwe wazi, mtu alikuwa anabebwa kwenye mkokoteni na baada ya miezi anaenda shamba mwenyewe. Lakini baada ya muda nyayo zinawaka moto usiku, mashavu yanabonyea, mafuta ya mikononi na miguuni yanaisha mpaka mishipa inatokeza kama kamba, na mtaani watu wakaanza kutambuana kwa sura. Mtu anaficha hali yake, uso wake unamsema. Mwaka 2009 WHO wakashauri nchi ziachane nayo, na ddC yenyewe iliondolewa sokoni 2006.

Waliokuja badala yake ni vikomeshaji vile vile ila vimechongwa gama ivikatae. Kidonge cha siku hizi, TLD, kina tenofovi, lamivudini na dolutegravi. Dolutegravi sio wa ukoo huu, yeye anazuia DNA ya kirusi kujichomeka kwenye ya kwako. Hao wawili wengine ni watoto wasio na sweta. Tenofovi, iliyotoka kwa mwanakemia Antonín Holý wa Praha, haina hata sukari ya duara, ina mkia mfupi tu wa kaboni, na inakuja na fosfonati yake tayari, kwa hiyo seli inaongeza fosfeti mbili badala ya tatu. Lamivudini ni kituko zaidi, pale ilipopaswa kuwa kaboni namba 3 kuna salfa, na sukari yake nzima imegeuzwa kama taswira ya kwenye kioo, mkono wa kushoto mahali pa wa kulia. Mwalimu mzembe wa VVU anaupokea mkono wa kushoto bila kuuliza, gama mara nyingi anaukataa.

Ila huyo mzembe anajifunza, na anajifunza kwa sababu ya uzembe wake, makosa yake ya kunakili yanazaa walimu wapya wa kila aina na dawa inawachuja. Dhidi ya AZT alijifunza kung'oa: mabadiliko fulani kwenye enzaimu yanamruhusu kutumia ATP, molekuli ya nishati ya seli, kumtoa mtoto aliyeshonewa, mstari unaendelea kama hakuna kilichotokea. Dhidi ya lamivudini njia ni nyingine, rahisi kupita kiasi. Asidi amino namba 184, methionini, inageuka valini, na valini ina tawi linalojitokeza pembeni likagongana na ile sukari iliyogeuzwa, basi mkono wa kushoto hauingii tena. Mabadiliko hayo, M184V, yanampunguza kirusi nguvu ya kunakili na yanamfanya aogope tenofovi na AZT zaidi, ndo maana madaktari wakiyaona mara nyingi hawamwondolei mgonjwa lamivudini. Anayeona ajabu kuendelea kumeza dawa ambayo kirusi kimeizoea, jibu ni hilo, inakilazimisha kirusi kibaki kilema.

Na unajua wanayaonaje hayo mabadiliko? Mgonjwa ambaye wingi wa virusi umegoma kushuka anatolewa damu, jeni ya enzaimu inakuzwa kwa PCR, halafu kwenye maabara nyingi inasomwa kwa Sanger. Vikomeshaji vya maabara vinatumika kuangalia kama vikomeshaji vya kidonge vimegonga mwamba. Kwenye skrini vilima vinapita kwa rangi, A kijani, T nyekundu, C bluu, G nyeusi kwa sababu njano yake isingesomeka kwenye karatasi nyeupe. Unatelezesha kushoto kulia mpaka unafika TAC, ile tuliyoianza nayo, inayofuata ni ATG, hiyo ndo 184 (kila herufi tatu zinataja asidi amino moja, ATG ni methionini). Ikiwa GTG, yaani valini, mchezo umekwisha. Lakini mara nyingi inakuja hivi: pale kwenye ile A, herufi ya 24 ya mfano wetu, kuna kilima cha kijani na chini yake kilima cheusi, viwili mahali pamoja, maana yake ndani ya damu hiyo kuna virusi vya zamani na vipya wanaishi pamoja. Kilima cha pili kikiwa chini ya kama asilimia 20 Sanger inaanza kukipoteza, unakodoa macho huna uhakika kama ni kirusi au ni uchafu wa kwenye mrija. Kikionekana vizuri huandiki A wala G, unaandika R, alama ya A au G, halafu unamrudia mgonjwa mwingine kwenye orodha.